Foresti na Makaburi ya Mikuyu

Foresti alikuwa anaogopa nyoka, na serikali ilikuwa imemwajiri kulinda msitu. Naanza na hilo kwa sababu mtu akishatenda jema, watu huanza kumsema kama malaika, na Foresti hakuwa malaika. Malaika havai kofia ya kaki iliyotafunwa na panya. Kila akiingia msituni alikuwa anapiga makofi na kupaza sauti, "Naingia! Naingia!" kama mtu anayebisha hodi kwa mkwe, ili nyoka wapate nafasi ya kujisitiri. Wezi wa kuni nao walikuwa wanamsikia. Walijitwika mizigo yao polepole, wakaondoka wakiongea habari za harusi, na yeye akifika anakuta visiki bado vinatoka utomvu.

"Foresti," nilimwambia siku moja, "wewe ni askari au mwadhini?"

"Bineya," akasema, na hivyo ndivyo sisi Wanubi wa Oli, mjini Arua, tunavyomwita msichana. Yeye hakuwa Mnubi, ila neno hilo aliliiba kwetu pamoja na mengine mengi. "Bineya, nyoka hajui soma sheria ya msitu. Lazima mutu ataarifu yeye na mdomo."

Jina alikuwa nalo. Mke wake alilitumia akikasirika, kwa hiyo sote mtaani tulilijua vizuri. Lakini hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Foresti tu, kama vile kazi ilimmeza ikabakiza kofia.

Na msitu wenyewe usiufikirie kama misitu ya kitabu cha jiografia. Ulikuwa mteremko mmoja ng'ambo ya mto Oli, unatazamana na nyumba zetu. Habuba, yaani bibi yangu, alikuwa anasema zamani mteremko ule ulijaa mivule na mikuyu hadi jua lilikuwa halioni maji. Mimi nilipopata akili, ulikuwa umebaki kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye, nywele hapa, upara pale. Waliokausha tumbaku walichukua kuni. Waliochoma matofali walichukua. Halafu yakaja malori ya wanajeshi, na hayo hayakuchukua, yalizoa.

Foresti ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akisimamisha lori la jeshi. Alisimama katikati ya njia, mkono juu, kofia imenyooka. Lori likasimama, vumbi likamfunika. Dereva akatoa kichwa.

"Unataka nini, mzee?"

Foresti akakohoa. "Nilitaka... kusalimia nyinyi."

"Salama. Toka."

Akatoka. Jioni akaja kwetu kunywa chai. Mama alikuwa anauza chai na mandazi mbele ya nyumba. Foresti akawaambia watu wote barazani kwamba amewapa wale vijana onyo kali sana. Nilikuwa nimeona yote nikiwa mtoni na ndoo, nikacheka mpaka chai ikanipanda puani. Alinitazama kwa upole tu, akaongeza sukari.

Usemi wake mkubwa ulikuwa huu: "Mti haina miguu. Ndiyo maana iko na askari." Alikuwa anausema kwa kila jambo. Ukimuuliza kwa nini hakuja sokoni, mti haina miguu. Ukimuuliza kwa nini mkewe amenuna, mti haina miguu. Mke wake naye alikuwa na jibu lake: "Na mimi niko na miguu, ndiyo maana natembea mpaka soko kununua kuni, kama mke wa karani!" Kwa sababu Foresti alimkataza kuokota hata kijiti ng'ambo ile. Nyumba ya askari wa msitu ndiyo ilikuwa nyumba pekee katika mstari wao isiyokuwa na rundo la kuni ukutani. Watu waliona ni uaminifu. Mke wake aliona ni wazimu. Mimi niliona kwamba mwenye kuteseka kwa uaminifu wa mwanaume huwa ni mwanamke, nikalisema hilo kwa sauti, na Habuba akanitupia ndara.

Alikuwa Mkristo, lakini Ramadhani ikiingia alikuwa anafunga. Anafunga kuanzia saa kumi jioni hivi. Adhana ya magharibi ikilia, yupo mkekani kwetu ana tende mkononi, uso umechoka kuliko wa sheikh.

Ndege alikuwa hawajui hata kidogo. Akimwona ndege wa bluu anamwita "hii ya bluu." Majina ya miti alikuwa anayabuni. Mti mmoja aliniambia unaitwa mti wa masikio, kesho yake ukawa mti wa tumbo. Nilipomshika na uongo akasema mti unaweza kuwa na jina la nyumbani na jina la kazi, kama yeye. Lakini kila mti uliobaki alijua ulivyolala usiku. Akija asubuhi anasema, "Yule wa kwenye jiwe leo amechoka," na wiki ikiisha unaona majani yake yamekuwa manjano.

Ugomvi wake na Habuba ulikuwa juu ya mbuzi. Alikuwa na zizi la miiba ng'ambo, chini ya mteremko, ambalo sisi tuliliita jela, na mbuzi yeyote aliyekutwa akila miche anafungwa humo. Mbuzi wa Habuba, jike jeupe lenye kiburi, alikuwa mfungwa sugu. Habuba alikuwa anavuka mto amepandisha gauni, anaongea tangu maji ya mguu.

"We Foresti! Toa mtoto yangu!"

"Habuba, yeye amekula mvule ya serikali."

"Serikali yenyewe inakula watu, wewe unakamata mbuzi?"

Hapo wote wawili walitazama huku na huku, kwa sababu katika miaka ile sentensi kama hiyo haikutakiwa kumalizika. Foresti akafungua zizi. Mbuzi akatoka kama bibi harusi.

Ndiyo ilikuwa miaka hiyo. Mtu alikuwepo Ijumaa, Jumamosi hayupo, na watu wa nyumbani kwake wanapika kama kawaida ili majirani wasiulize. Darasani kwetu kulikuwa na msichana ambaye baba yake "alisafiri". Hatukumuuliza wapi. Hata mimi, ambaye mdomo wangu hauna breki, sikuuliza.

Sasa nije kwenye makaburi.

Ofisi yake ilimletea miche ya mikaratusi apande mteremkoni. Foresti hakuipenda. Alisema mkaratusi ni mgeni anayeingia na kumaliza mtungi wa maji bila kuuliza wenyeji wamekunywa. Na kweli mto ulikuwa umekonda. Lakini chochote alichopanda, mbuzi walikula, na palipobaki wazi watu walilima mihogo. Askari mmoja mwoga hawezi kuzuia majembe ya mtaa mzima.

Kwa watu wa kwao, Walugbara, mtu mkubwa akizikwa huchomekewa tawi la mkuyu kichwani mwa kaburi. Mkuyu hauna maringo, tawi tu ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu linashika. Likishika, pale hapalimwi tena. Hapachungwi. Hapakatwi kuni. Hata mlevi akipita hapo anapunguza wimbo. Mnubi naye, Mkakwa naye, nani atapiga jembe kwenye kaburi?

Basi Foresti akaanza kuwazika watu wasiokuwepo. Alibeba mawe kutoka kwenye machimbo ya zamani, akayapanga marundo marefu kama mtu aliyelala, akachomeka tawi la mkuyu kichwani, akazungushia miiba. Msimu mmoja wa mvua akatengeneza machache karibu na maji, msimu mwingine akapanda juu. Nilivuka siku moja nikamkuta anafukia, jasho linamtoka.

"Foresti, nani amekufa hapa?"

Akanyoosha mgongo. Akatazama upara wote ule mpaka kileleni.

"Kilima ndiyo amekufa," akasema. "Mimi nafufua yeye polepole. Wewe nyamaza."

Nikanyamaza, na naapa ilikuwa kazi. Nilikuwa na mzaha wa kutosha kulisha shule nzima kwa muhula.

Ikakubali. Majembe yalisimama pale mawe yalipoanza, na mbuzi wakafungwa kamba na wenyewe. Mikuyu ikatoa majani mapana, chini yake nyasi zikarudi, na kwenye nyasi kukatokea vimiche vya mvule ambavyo hakuvipanda mtu, vimeletwa na popo na ndege wa bluu. Vyura walirudi mtoni. Habuba alilalamika kwamba wanampigia kelele wakati wa sala, halafu akakaa anawasikiliza. Foresti alinenepa kwa furaha. Alitembea katikati ya makaburi yake akipiga makofi, "Naingia! Naingia!", na sasa ilikuwa kama anawaamsha wafu wa uongo.

Kosa lake lilikuwa moja. Alijua watu wanaogopa kaburi. Hakufikiria kwamba miaka ile kulikuwa na watu wanalitafuta.

Mama mmoja alitoka Lurujo, huko Koboko. Alikuja kwa miguu na kwa lori la tumbaku, ameshika sandali za plastiki za kiume mkononi. Mtoto wake alikuwa fundi baiskeli, alichukuliwa barabarani na watu wenye gari, na baada ya hapo hakuna ofisi iliyokubali kwamba alikuwa amewahi kuzaliwa. Alikuwa amesikia sokoni kwamba Arua kuna mteremko wenye makaburi ambayo hakuna aliyeona mazishi yake. Akamkuta Foresti anamwagilia.

Nilikuwepo, nafua nguo mtoni. Nilisikia kila neno, maana maji yalikuwa madogo bado.

"Baba," akamwambia, "mtoto yangu ni gani?"

Foresti alibaki ameinua kopo. Akimwambia hakuna mtu, kesho mtaa mzima utajua, na keshokutwa ni majembe. Akinyamaza, anamwongopea mama mwenye msiba. Nilimwona akikohoa, kama siku ile ya lori.

"Mama, mimi sijui," akasema mwishowe. Ilikuwa kweli, kwa namna yake.

"Nitachagua, basi," akasema mama.

Akazunguka. Alichagua moja lililokuwa juu kidogo, linaloona barabara ya Koboko. Akaweka zile sandali juu ya mawe, akakaa, akaimba kilio cha kwao kwa sauti ya chini kabisa, kwa sababu hata kulia kulikuwa na masikio. Foresti alivua kofia. Hakwenda popote mpaka mama alipomaliza.

Baada ya hapo alikuwa anakuja kila msimu na unga kidogo, anamwaga maji, anafagia. Wakaja wengine pia, mmoja mmoja, na kila mmoja akachagua. Jioni kwetu Foresti alikuwa anakunywa chai bila sukari.

"Waambie," Habuba alimwambia. "Haramu hii. Unawauzia moshi."

"Sichukui kitu kwa yao, Habuba."

"Nimesema unachukua? Nimesema waambie."

"Nikiambia yao, kilima atakufa tena. Na wao pia." Akazungusha kikombe. "Ngoja mikuyu ishike mizizi. Mvua moja tu tena."

Mvua hiyo haikufika kabla ya wanajeshi. Kwa sababu maneno yalikuwa yametembea kutoka Lurujo kwenda sokoni na kutoka sokoni kwenda kambini, na huko yalifika yakiwa makubwa: kuna mtu Oli anaonyesha watu mahali serikali inapozika.

Walikuja asubuhi na jua kali. Wakatutoa majumbani na kutupanga upande wetu, kando ya maji, tuone. Mama wa Lurujo alikuwemo. Alikuwa amefika jana yake na unga wake.

Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye miwani ya jua. "Nani imekufa hapa?" akamwuliza Foresti.

"Afande, hakuna mutu."

"Hakuna mutu, na kaburi iko?"

"Ni ya miti, afande. Ni... ya kufukuza mbuzi."

Wale askari walicheka. Nami ningecheka, siku nyingine. Wakampa jembe. "Chimba yote. Sote tuone."

Foresti alichimba. Aling'oa kila mkuyu kwa mikono yake, mizizi myeupe ikatoka na udongo, akaulaza pembeni taratibu kama mtu anayelaza mtoto asiamke. Kila shimo lilipofika kiunoni afande alitugeukia sisi: "Iko mutu?" Nasi tuitikie kwa pamoja, kama darasani: "Hapana!" Shimo kwa shimo. Hapana. Hapana. Kando yangu mwanamke mmoja alikuwa anaitikia huku meno yanagongana. Kaburi alilolichagua lilikuwa limeshachimbuliwa.

Alipofika kwenye lile la sandali, Foresti alisimama. Akamtazama mama. Halafu, yule mtu aliyeogopa nyoka, aliyesimamisha lori ili kulisalimia, akaweka jembe chini.

"Afande, hii tuache. Zinafanana."

"Chimba."

"Hii moja tu."

Mmoja akampiga na kitako cha bunduki kwenye goti. Alianguka, na akachimbia magotini, na sisi tulisikia jembe na pumzi yake tu. Mkuyu ule ulikuwa mkubwa kuliko yote. Ulipong'oka, mama wa Lurujo alivuka mto bila kuitwa, akainama, akaingiza mkono ndani ya shimo, akapapasa udongo kama mtu anayetafuta sindano kitandani.

Akasimama na kupiga vigelegele.

"Hayuko! Mtoto yangu hayuko hapa! Basi iko hai!"

Askari walipiga makofi. "Mmesikia? Mama iko na akili!" Mama akachukua sandali zake, akapanda barabara ya Koboko huku anacheza, na sisi wote tulisimama pale tukimtazama. Hakuna aliyeweza kumwambia pole. Ungempa pole ya nini, mtu anayefurahi? Foresti alikuwa bado amepiga magoti kwenye mashimo. Wakampakia kwenye gari lao.

Alirudi. Wengi hawakurudi, yeye alirudi, mguu mmoja haukunjiki na kofia hana. Hakusema alikuwa wapi, na barazani hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mteremko ulikuwa tayari na mihogo. Alikuwa anakaa kwa mama yangu, anakunywa chai, na uongo wake wote ulikuwa umekwisha. Ukimuuliza jina la mti anasema hajui. Nilijaribu. Nilimwambia, "Foresti, mbuzi wa Habuba anakutafuta, anasema amezoea jela." Akatabasamu upande mmoja wa uso, basi.

Safari moja alikwenda Lurujo, na mguu ule. Aliporudi Habuba alimwuliza kabla hajakaa: "Umemwambia makaburi yote yalikuwa ya uongo?"

"Kila siku anawekea mtoto yake chakula," akasema. "Sahani iko mezani, imefunikwa. Nimefika, akasema mgeni ni baraka, akafunua ile sahani akanipa."

"Ukamwambia?"

"Nimekula," akasema Foresti.

Habuba hakumtupia ndara. Alimwongezea sukari.

Halafu vita vikaja, mwaka huu, na serikali ile iliyokula watu ikakimbia kupitia kwetu, na nyuma yake wakaja wengine ambao kwao kila mtu wa Arua alikuwa ni mtu wa serikali ile. Tulikimbia kwa njia ya Adumi mpaka ng'ambo, Zaire. Habuba alipakiwa kwenye baiskeli, amemshika mbuzi mweupe mapajani, anatukana barabara kwa Kinubi kila ikitikisika. Mbuzi alifika mzima. Habuba alifika, akaomba maji, akalala kwa homa, na hakuamka. Wenyeji walitupa mahali pa kumzika kwenye ukingo wa shamba la mihogo, pale walipokuwa wanazikwa wengine waliokuja na njia ile. Kaburi lake lilikuwa la udongo mtupu. Hatukuwa na hata ubao.

Kesho yake asubuhi nilisikia mtu anapiga makofi kwenye nyasi. "Naingia! Naingia!"

Sikugeuka mara moja. Niliogopa nisije nikakuta ni mtu mwingine.

Alikuwa yeye, na fimbo, na mzigo wa matawi ya mkuyu mgongoni umefungwa kwa kamba ya katani.

"Foresti," nikasema, "na miti je?"

"Mti haina miguu," akasema. Akatazama mguu wake. "Mimi iko nao moja na nusu. Nimekimbia." Kisha akatazama udongo mpya. "Nani iko hapa?"

"Habuba."

Alijishusha chini kwa fimbo, kidogo kidogo, mpaka akakaa. Kisha akachagua tawi, akalichunguza, akalirudisha, akachagua jingine.

"Nyinyi Wanubi hamuweki hii. Nitaweka?"

"Habuba hakupenda miti. Alipenda mbuzi."

"Najua. Nitazungusha miiba."

"Mbuzi wake atakuja kuula."

"Akija, nakamata," akasema Foresti, na mimi niliyekuwa nimecheka barabara yote kutoka Arua ili mama yangu asilie, nililia nikiwa nimeshika miiba.

Alipomaliza nikaona kwamba mstari wote wa makaburi ulikuwa na matawi ya Foresti kichwani, mengine yameshaanza kutoa jani. Tulitembea kando yake, yeye akimwaga maji kwa kopo. Safari hii hakupiga makofi. Mwisho kabisa, mbali kidogo na mengine, kulikuwa na moja lililopangwa mawe vizuri kuliko yote, na juu ya mawe sandali za plastiki za kiume. Mwanamke alikuwa anafagia pembeni kwa kitawi.

Nikamshika Foresti mkono. "Wamempata?" nikanong'ona.

"Hapana."

"Basi humo kuna nani?"

"Hakuna mutu. Mimi nimeambia yeye yote, bineya. Kilima, mbuzi, yote. Nilifikiri atanipiga." Akainamisha kopo, likatoa tone la mwisho. "Akasema, basi nitengenezee ile yangu tena."

Mama wa Lurujo aliinua kichwa akatuona. Nilikuwa na midomo ya kusema mambo mengi, siku zote nimekuwa nayo. Nikapiga goti kama tunavyofundishwa mbele ya mkubwa mwenye msiba.

"Pole, mama."

Akaacha kufagia, akanipokea mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, mwanangu," akasema. "Nimeshapoa kidogo. Kaa."

Tukakaa.